Kukata Duara na Tao Sahihi Katika Mbao kwa Ruta

Meza ya pembe nne humsitiri fundi. Upande mmoja ukipungua milimita tatu, hakuna mgeni atakayeligundua hilo akiwa anakunywa chai yake. Meza ya duara haina sitara ya namna hiyo, kwa sababu jicho huufuata ukingo wake mfululizo na hukwama papo hapo penye bonde au kinundu. Mafundi wengi niliofanya kazi nao hukata duara kwa jigso, yaani msumeno mdogo wa umeme wenye ubapa mwembamba unaopanda na kushuka, kisha hutumia nusu siku kulitafuta kwa msasa, na jioni meza inakuwa laini kabisa lakini bado si duara.

Maelezo haya ni kwa fundi au mwanagenzi ambaye tayari ana ruta ya mkononi, yaani mashine ya umeme inayozungusha kwa kasi kisu kiitwacho biti ili kuchonga mbao, na anajua kuiendesha kwenye mstari ulionyooka. Jambo la kwanza la kukubali ni kwamba usahihi wa duara hautoki katika mikono yako. Hutoka katika vitu viwili tu: msumari wa kati usiocheza, na umbali uliopimwa ipasavyo kutoka kwenye msumari huo hadi kwenye makali ya biti. Ukiviweka sawa hivyo viwili kabla ya kuwasha mota, hata mkono unaotetemeka utakata duara. Ukivikosea, ustadi wa miaka ishirini hautakuokoa.

Mkono wa kuzungushia

Baadhi ya ruta huuzwa pamoja na fimbo mbili za chuma na kipini kidogo cha kuzungukia. Kifaa hicho kinafaa kwa maduara ya wastani, lakini fimbo zikivutwa hadi mwisho hupinda, na ruta hupanda na kushuka unapoizungusha. Mimi hupendelea mkono wa plaiwudi niliouchonga mwenyewe, kwa kuwa haupindi upande upande na gharama yake ni kipande kilichobaki kwenye kazi nyingine.

Chukua plaiwudi ya milimita 9 iliyonyooka, yenye urefu wa takriban mita moja na upana unaotosha kitako cha ruta yako. Fungua kitako cha plastiki kilichokuja na ruta, kilaze kwenye mwisho mmoja wa plaiwudi, kisha uweke alama za matundu ya skrubu kwa kukifuata chenyewe badala ya kupima kwa rula. Toboa matundu hayo na upanue midomo yake upande wa chini ili vichwa vya skrubu vizame kabisa, kwa maana kichwa kimoja kinachochomoza kitakwaruza uso wote wa meza na pia kitaiinua ruta kidogo kila inapopita. Skrubu za kiwandani mara nyingi huwa fupi mno kwa plaiwudi ya unene huo. Nunua ndefu zaidi zenye unene na meno yaleyale, wala usilazimishe za aina nyingine, kwani utaharibu meno ya aluminiamu yaliyo kwenye ruta. Mwisho, funga ruta kwenye mkono, washa, na uishushe polepole ili biti yenyewe itoboe tundu lake.

Kwa msumari wa kati, usitumie msumari wa kawaida wa dukani ikiwa unaweza kuuepuka. Misumari hiyo si mviringo kamili, na chuma chake ni laini. Kitu bora nilichokipata hadi leo ni shina la biti ya kutobolea iliyovunjika, tuseme ya milimita 4. Shina hilo ni gumu, ni mviringo kweli, na biti nyingine nzima ya milimita 4 hutoboa tundu linalolibana barabara, kwenye mkono na kwenye mbao. Baada ya maduara kadhaa, tundu la plaiwudi huanza kulegea; hapo litoboe jingine pembeni. Tundu halilazimiki kuwa kwenye mstari wa katikati ya mkono, kwa sababu kinachohesabika ni umbali kati ya msumari na biti, mahali popote msumari ulipo. Hili litakusaidia unapotaka matundu mawili yanayotofautiana milimita moja tu, ambayo kwenye mstari mmoja yangeungana yakawa tundu moja refu lisilofaa kitu.

Kama meza haitakiwi kuwa na tundu usoni, kata ikiwa imepinduliwa, ili tundu libaki chini, nawe utoboe milimita 8 au 10 tu bila kutokea upande wa pili. Pale ambapo pande zote mbili zitaonekana, bandika kipande cha plaiwudi katikati kwa utepe unaonata pande mbili na utoboe hicho. Sharti lake ni kwamba mkono upate kipande kingine cha unene uleule chini ya ruta, la sivyo utainama na makali yatakata kwa mshazari.

Kupima nusu ya kipenyo

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, na yangu iliharibika pia. Mteja mmoja aliniagiza meza ya duara yenye kipenyo cha milimita 900, na kioo chake alikuwa amekwisha kukikatisha. Nilipima milimita 450 kutoka kwenye msumari hadi katikati ya biti, nikakata duara safi lisilo na dosari, lenye kipenyo cha milimita 888. Biti yangu ilikuwa ya milimita 12, na nusu yake, yaani milimita 6, ilikuwa imekula upande wa meza pande zote. Kioo kilichungulia nje kama kofia iliyomzidi mvaaji, na mbao ya meza nyingine nikainunua kwa fedha zangu.

Kanuni ni hii: pima hadi kwenye makali yanayogusa sehemu utakayoibakiza. Unapokata meza, unabakiza kilicho ndani, hivyo pima kutoka katikati ya msumari hadi kwenye ukingo wa biti ulio karibu na msumari. Kwa meza ya 900 na biti ya 12, ukingo huo utakuwa umbali wa milimita 450, na katikati ya biti itakuwa 456. Unapokata tundu, kwa mfano la kupitishia beseni la kunawia lenye kipenyo cha 300, unabakiza kilicho nje, hivyo pima hadi kwenye ukingo wa mbali: milimita 150, na katikati ya biti itakuwa 144. Kwa kuwa ni vigumu kuweka rula katikati ya msumari, anzia kwenye ubavu wa msumari unaoelekea biti na utoe nusu ya unene wake. Kwa msumari wa milimita 4, badala ya 450 utasoma 448. Zungusha biti kwa mkono, plagi ikiwa imechomolewa, hadi jino lake moja lielekee msumari, kisha upime kutoka kwenye jino hilo na si kwenye shina.

Hata ukipima hivyo, usiamini. Chukua kipande cha mbao usichokihitaji, kata mfereji wa kina cha milimita moja, kisha pima kipenyo chake chote kutoka ukingo hadi ukingo. Kosa kwenye kipenyo ni kubwa mara mbili ya kosa kwenye nusu yake, kwa hiyo ni rahisi kuliona: ukikuta 901 mahali pa 900, sogeza msumari kwenye mkono kwa nusu milimita. Tazama pia mahali mfereji ulipoanzia na kuishia. Kama mwisho haukuangukia juu ya mwanzo, kuna kitu kinacheza, aidha msumari kwenye tundu au skrubu za kitako, na hakuna faida ya kuendelea mpaka ukipate.

Kushikilia kazi

Kabla ya biti kugusa mbao, jiulize ni kipande gani kitakachokuwa huru mkato utakapokwisha. Ukikata meza, pembe nne za nje zitaachana na duara. Ukikata tundu, duara la ndani litabaki limeshikwa na msumari peke yake, na msumari huo ndio kitovu chako; likitikisika milimita chache katika mzunguko wa mwisho, biti italidaka na kuukata ukingo uliokuwa umeulinda muda wote huo. Kwa sababu hiyo weka chini ubao mwingine usio na thamani, funga vipande vyote viwili kwake, yaani kinachobaki na kinachotupwa, kwa utepe unaonata pande mbili au kwa skrubu zilizowekwa mahali ambapo biti haitafika. Ubao huo wa chini pia huzuia nyuzi kupasuka upande wa nyuma pale biti inapotokea.

Kwa fremu ya kioo cha duara, ambayo ina ukingo wa nje na wa ndani, kata wa nje kwanza wakati mbao ya katikati bado ipo nzima, kisha ndani, ukiutumia msumari uleule bila kuutoa.

Kukata

Biti iliyonyooka yenye meno mawili ya kabaidi, kitu kigumu kuliko chuma cha kawaida, inatosha kwa kazi nyingi. Biti yenye makali yaliyojipinda kama skrubu, ikiwa ni ya kuvuta juu, hutoa maranda vizuri kwenye mfereji lakini hupasua uso wa juu wa plaiwudi. Ile inayosukuma chini huacha uso safi lakini hujaza mfereji vumbi na kupata joto. Ingiza shina kwenye kikamato, yaani sehemu ya ruta inayobana biti, kwa kina cha kutosha, kisha lirudishe juu kidogo kabla ya kukaza, kwa sababu biti iliyogonga mwisho wa tundu hulegea inapoanza kutetemeka.

Usijaribu kumaliza unene wote kwa mara moja. Kwa biti ya milimita 12 shuka milimita 5 au 6 kila mzunguko, na kwa ruta ndogo au biti ya milimita 6 usizidi 3. Njia inayookoa biti na muda ni kukata kwanza kwa jigso nje ya mstari, ukiacha milimita 3 hivi, halafu ruta imalizie. Vumbi litapungua sana, na mota haitaunguruma kama gari linalopanda mlima wa Kabale, Uganda, na mzigo wa viazi.

Mwelekeo una kanuni moja ambayo inatosha kuikumbuka: sehemu unayoibakiza iwe mkono wa kushoto wa biti inaposonga mbele. Ukikata meza, utazunguka kinyume cha mishale ya saa. Ukikata tundu, utazunguka pamoja na mishale ya saa. Ukitazama ruta kutoka juu, biti huzunguka pamoja na mishale ya saa, na katika mwelekeo niliousema meno hupingana na mwendo wako, hivyo ruta hutulia. Ukigeuza mwelekeo, biti hujivuta yenyewe mbele kama magurudumu, na kwa mkato mzito inaweza kukuponyoka.

Hata hivyo, mbao ina nyuzi, na duara huzipita nyuzi hizo kwa namna mbili. Katika robo mbili za duara makali huzilaza. Katika robo mbili nyingine huziinua, na hapo ndipo vipande huchomoka. Dawa yake ni kukata duara la kwanza likiwa kubwa kwa milimita moja, halafu kuhamisha msumari kwenye tundu la pili la mkono na kupita mara moja kwa unene wote ukiondoa milimita hiyo tu. Mkato mwembamba namna hiyo ndio pekee unaoweza kuurudisha kinyume katika zile robo mbili mbaya bila hatari, ukiishika ruta kwa nguvu na kusogea polepole.

Usisimame katikati ya mzunguko biti ikiwa inagusa ukingo, kwani itauunguza na kuacha alama nyeusi ambayo msasa huitoa kwa shida. Panga mapema waya utapita wapi na miguu yako itazunguka vipi, ikiwezekana waya ukitoka juu. Na kwa kuwa umeme wetu unaweza kukatika wakati wowote, jizoeze jambo hili: mota ikizimika ghafla, zima swichi ya ruta kwanza na uinue biti, kisha ndipo uulize kama jirani naye hana umeme. Ruta iliyoachwa swichi wazi ndani ya mfereji huamka na nguvu zake zote umeme unaporudi. Waya mrefu mwembamba nao hupunguza volti, mota ikachoka na mkato ukawa na mawimbi.

Tao

Kwa mlango au dirisha la tao, kama yale yanayopendwa makanisani na misikitini, mteja hukupa upana na kimo cha tao (kutoka mstari unaounganisha ncha zake mbili hadi kilele), hakupi nusu ya kipenyo. Itafute hivi: zidisha upana kwa upana, gawanya kwa kimo mara nane, kisha ongeza nusu ya kimo. Tuchukue upana wa milimita 900 na kimo cha 150. Upana kwa upana ni 810,000. Kimo mara nane ni 1,200. Jibu la kugawanya ni 675, na ukiongeza 75 unapata 750. Kitovu kitakuwa milimita 600 chini ya mstari unaounganisha ncha mbili za tao. Fundi aliyezoea kupimia kona kwa 3, 4 na 5 atalitambua umbo hilo, kwa maana nusu ya upana ni 450, na 450, 600 na 750 ni pembetatu ileile iliyokuzwa mara mia moja na hamsini.

Kitovu hicho kitaangukia nje ya kipande unachokikata. Kwa hiyo funga kipande juu ya ubao mpana, kisha funga kipande kingine cha unene uleule mahali pa kitovu na utoboe tundu la msumari hapo. Chora mstari wa katikati ya tao na uurefushe hadi kwenye kitovu. Msumari ukikaa kando ya mstari huo kwa milimita mbili tu, bega moja la mlango litakuwa juu kuliko jingine. Kumbuka tena unene wa biti: ubao wa juu wa mlango una tao upande wa nje, na fremu inayoupokea ina tao upande wa ndani, hivyo vipimo vyake viwili hufuata ukingo tofauti wa biti, na kati yao lazima pawe na nafasi ya mlango kufunguka.

Matao marefu yaliyolala hukataa njia hii. Mgongo wa benchi wenye upana wa milimita 2,400 na kimo cha 100 unahitaji nusu ya kipenyo ya milimita 7,250, na sijaona karakana ya Ndeeba, mjini Kampala, yenye nafasi ya kuzungushia mkono wa mita saba bila kumfukuza jirani. Hapo pigilia misumari miwili kwenye ncha za tao, na wa tatu kwenye kilele chake. Chukua vipande viwili vya mbao vilivyonyooka, kila kimoja kirefu kuliko upana wa tao, uvikutanishe kwenye msumari wa kilele huku kila kimoja kikigusa msumari wake wa pembeni, na uvifunge kwa kipande cha kukingama ili pembe yao isibadilike. Toa msumari wa kilele, weka penseli mahali pake, kisha sogeza umbo hilo kushoto na kulia likiwa limegusa misumari miwili muda wote. Penseli itachora tao la duara kamili, kwa sababu pembe inayotazama ncha mbili za tao haibadiliki popote kwenye tao hilo. Lichore kwenye plaiwudi, likate kwa jigso, lilainishe, kisha liwe kielelezo cha kufuatwa na biti yenye bearingi, yaani kigurudumu kidogo kinachotembea kwenye ukingo wa kielelezo. Ubapa unaopindwa kwa mikono hutoa mkunjo unaopendeza pia, ila si tao la duara hasa.

Mbao yenyewe

Mvule ni mbao ya heshima lakini ndani yake mna mawe, yaani madonge magumu ya chokaa ambayo mti huyatengeneza ukiwa hai, na biti ikikutana na donge moja jino huvunjika. Ukisikia sauti imebadilika, inua. Nyuzi zake pia hupishana, kwa hiyo ule mkato wa mwisho wa milimita moja si anasa kwake. Musizi ni laini na huacha manyoya ukingoni kama biti ni butu. Mahogani hukatika vizuri zaidi. Vumbi la mvule huwasha ngozi na kubana kifua kwa watu wengi, na mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka vumbi la mbao miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu, kwa hiyo barakoa ya kuchuja vumbi ivaliwe pamoja na miwani na vizuia sauti, si kitambaa kilichofungwa puani.

Mwisho kuna unyevu. Mbao husinyaa kwa upana wake na karibu haisinyai kabisa kwa urefu wake, kwa hiyo meza iliyokatwa kutoka kwenye mbao mbichi, hasa iliyonunuliwa katikati ya mvua za Machi hadi Mei, itakuwa yai kabla ya mwaka kwisha, hata kama ilikuwa duara kamili siku ya kuikata. Kama huna mbao iliyokauka, gundisha ubao wa meza, kata duara likiwa kubwa kwa milimita 20 kuliko linalotakiwa, na uliweke ndani penye hewa, likiwa limeinuliwa juu ya vipande vya mbao ili hewa ipite pande zote, kwa muda wote ambao mteja anaweza kuvumilia. Usizibe tundu la msumari. Siku ya kukabidhi ikikaribia, rudisha msumari kwenye tundu lilelile na ukate kipenyo halisi; biti ya milimita 12 itazila hizo milimita 10 za kila upande kwa mizunguko michache, kisha ndipo tundu lizibwe na meza ipakwe vanishi juu na chini.